Daktari wa Damu, Mhandisi wa Reli na Kipimo cha Mnato

Mwaka 1913 jarida la Uingereza liitwalo Philosophical Magazine lilichapisha makala kuhusu mnato wa mito ya barafu, ile barafu ya milimani inayoteremka polepole kwa uzito wake yenyewe, ya aina ambayo mabaki yake bado yapo kileleni mwa Kilimanjaro na Rwenzori. Waandishi wake walikuwa R. M. Deeley na P. H. Parr. Barafu ni kitu kigumu, ukiipiga nyundo inavunjika vipandevipande, lakini mlimani huteremka mwaka hadi mwaka na kufuata mapindo ya bonde. Kama inatiririka, basi ina mnato, na mnato unapimika. Kipimo chenyewe kilikuwepo tayari, ila hakikuwa na jina; kiliandikwa kwa mzunguko, gramu kwa sentimita kwa sekunde. Deeley na Parr wakapendekeza kiitwe poizi, kumkumbuka daktari mmoja Mfaransa aliyefariki mwaka 1869.

Barafu haikuwa kazi iliyomlisha Deeley. Kuanzia 1904 hadi 1909 alikuwa msimamizi wa injini za Reli ya Midland, mjini Derby, na jiolojia aliifanya kwa mapenzi. Mwaka 1900, akishirikiana na Leonard Archbutt, mkemia wa reli hiyohiyo, alitoa kitabu kikubwa kuhusu oili na ulainishaji wa mitambo. Mtu aliyezoea kupima oili ya ekseli za mabehewa ndiye aliyesema kwamba oili na barafu ya mlimani vinastahili kipimo kimoja chenye jina moja.

Nimeianzia historia hii kwake kwa sababu vitabu vya fizikia hulipita haraka jambo hili: kipimo cha mnato kilijengwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa na shida za kazi zao. Alikuwepo daktari na damu yake, mhandisi wa bandari na mabomba yake, mtu wa reli na beringi zake. Hesabu waliazima kwa wanafizikia. Shida, mirija na uvumilivu vilikuwa vyao.

Mbegu ni ya Newton. Katika Principia ya mwaka 1687 alikuwa akipambana na mafundisho ya Descartes kwamba sayari hubebwa na mizunguko ya kitu kisichoonekana kilichojaa angani. Ili ayapime mafundisho hayo, ilimbidi ajue jinsi tabaka moja la kimiminika linavyolivuta tabaka la jirani. Akaweka dhana kwamba ukinzani unaotokana na upungufu wa utelezi hulingana na kasi ambayo sehemu za kimiminika zinaachana. Hakuthibitisha dhana hiyo kwa jaribio. Aliiweka, akaitumia dhidi ya Descartes, akaendelea na mengine.

Tuieleze kwa namna inavyofundishwa sasa. Chukua mabamba mawili sambamba, katikati kuna kimiminika. La chini limetulia, la juu linasukumwa lisogee kando. Ikiwa bamba lina eneo la sentimita moja ya mraba, nafasi kati ya mabamba ni sentimita moja, mwendo ni sentimita moja kwa sekunde, na kani ya kudumisha mwendo huo ni daini moja, basi mnato wa kimiminika hicho ni poizi moja. Kimiminika kikidai daini mbili, ni poizi mbili. Maji ya kawaida yanadai karibu sehemu moja tu ya mia ya daini.

Wafaransa na Waingereza waliiingiza dhana ya Newton katika milinganyo ya mwendo wa vimiminika, Claude-Louis Navier mwaka 1822 na George Stokes mwaka 1845. Milinganyo hiyo ilikuwa na herufi moja ya mnato ambayo thamani yake haitoki kwenye karatasi. Lazima mtu apime.

Jean Léonard Marie Poiseuille, yule daktari Mfaransa wa poizi, alizaliwa Paris mwaka 1797. Aliingia École Polytechnique mwaka 1815, lakini mwaka uliofuata serikali ikaifunga shule kwa sababu za kisiasa, naye akahamia udaktari. Mafunzo yale mafupi ya hesabu na fizikia hayakumtoka. Katika tasnifu yake ya mwaka 1828 kuhusu nguvu za moyo, alitumia mrija wa kioo uliopinda kama herufi U, wenye zebaki ndani, kupimia shinikizo la damu katika mishipa ya wanyama hai. Kabla yake, Stephen Hales wa Uingereza alikuwa amemfungia farasi mrija mrefu wa kusimama na kutazama damu ikipanda futi kadhaa. Kwa zebaki, Poiseuille aliifanya kazi hiyohiyo kwa chombo kinachobebeka.

Swali lililomkalia kichwani lilikuwa la mishipa midogo kabisa. Chini ya darubini alitazama damu ikipita katika kapilari za vyura na kuona kwamba karibu kabisa na ukuta wa mshipa kuna tabaka ambalo halisogei. Je, ni nini kinachoamua kiasi cha damu kinachopita humo? Damu yenyewe haikufaa kwa jaribio refu, kwa kuwa ikitoka mwilini huganda, na dawa za kuizuia zilikuwa bado hazijapatikana. Akachukua maji yaliyokenekwa na mirija ya kioo yenye vipenyo kuanzia takriban milimita 0.015 hadi 0.6. Mrija mwembamba kuliko yote ulikuwa mwembamba kuliko unywele.

Chombo chake kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kulikuwa na tungi dogo la kioo lenye alama mbili, moja juu na moja chini, na ujazo kati ya alama hizo ulijulikana kwa usahihi. Chini ya tungi uliunganishwa mrija wa kapilari, umelazwa, na mdomo wake ukafunguka ndani ya maji, ili matone yasije yakaning'inia mdomoni na kuharibu hesabu. Vyote vilizamishwa katika maji ya joto lililodhibitiwa. Hewa iliyobanwa ilisukuma kutoka juu, na shinikizo lake likasomwa kwenye manometa. Kisha Poiseuille alisubiri maji yashuke kutoka alama ya juu hadi ya chini, saa mkononi. Akabadilisha shinikizo, akarudia. Akakata mrija ukawa mfupi, akarudia. Akabadilisha kipenyo, akarudia. Akabadilisha joto, kutoka nyuzi 0 hadi 45, akarudia yote tena. Mirija ya kioo haiwi duara kamili, kwa hiyo alipima kila mdomo pande mbili kwa darubini.

Alichokipata alikitangaza mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kati ya 1838 na 1841, na maelezo kamili yakachapishwa mwaka 1846. Kiasi cha maji kinachopita kwa muda fulani hukua sambamba na shinikizo, hupungua sambamba na urefu wa mrija, na hulingana na kipenyo kilichopandishwa hadi kipeo cha nne. Jambo la mwisho ndilo linaloshtua. Mshipa ukipungua kipenyo kwa nusu, kiasi kinachopita kwa shinikizo lilelile hakibaki nusu wala robo; kinabaki sehemu moja ya kumi na sita. Wataalamu wa moyo na wauguzi wanaochagua ukubwa wa sindano ya dripu wanaishi na kanuni hiyo kila siku.

Katika mlinganyo wake kulikuwa na kizidishi kimoja kilichobadilika kulingana na joto na aina ya kimiminika. Poiseuille hakukiita mnato wala hakukihusisha na Newton. Alikiandika kama namba aliyoipata mezani, akaitengenezea fomula ya kufuata joto. Ni uamuzi wa mtu mwaminifu kwa alichokiona.

Wakati huohuo, Prussia, mtu mwingine aliyezaliwa mwaka uleule wa 1797 alikuwa akifanya kazi ileile bila kumjua. Gotthilf Hagen wa Königsberg alikuwa mhandisi wa maji na bandari. Alitumia mirija mitatu ya shaba nyeupe iliyo mipana kuliko ile ya Poiseuille, akachapisha mwaka 1839, mapema kidogo kuliko Mfaransa, na akapata kipeo kinachokaribia nne. Yeye pia aligundua kwamba maji yakienda kasi kupita kiasi, utaratibu huvunjika na mtiririko huanza kurukaruka, jambo ambalo Osborne Reynolds angelielezea vizuri miongo kadhaa baadaye. Leo kanuni inabeba majina yao mawili. Kwenye jina la kipimo, Hagen aliachwa nje, na nadhani hakutendewa haki.

Daraja kati ya mirija ya Poiseuille na herufi ya Newton lilijengwa karibu 1860. Eduard Hagenbach wa Basel alionyesha kwamba kizidishi kile kina mnato ndani yake na kwamba unaweza kuutoa kwa hesabu. Toka hapo mrija wowote mwembamba wenye vipimo vinavyojulikana ukawa kipima mnato, na jedwali la zamani la Poiseuille likageuka kuwa jedwali la mnato wa maji katika kila joto alilolijaribu.

Hewa ilibaki. James Clerk Maxwell alikuwa amepiga hesabu na kupata jibu lililomshangaza mwenyewe: mnato wa gesi hautegemei msongamano wake. Pampu nusu ya hewa itoke, inayobaki itaendelea kuvuta vilevile. Mwaka 1865 aliamua kulihakikisha jambo hilo nyumbani kwake Kensington, London, chumba cha juu. Alitundika sahani za kioo kwenye waya ndani ya chombo kilichofungwa, akazisokota zizunguke huku na huku kati ya sahani zilizotulia, akahesabu jinsi mizunguko ilivyopungua. Mnato wa gesi hubadilika na joto, hivyo chumba kilipaswa kubaki na joto moja. Mkewe, Katherine, ndiye aliyeshika moto: makaa yalikolezwa, mabirika yakachemka yakajaza chumba mvuke, na kwa majaribio mengine barafu ikachukua nafasi ya moto. Hesabu ilithibitika, na mwaka 1866 Maxwell akaisoma mbele ya Royal Society. Jibu lake aliliandika kwa futi, greini na sekunde. Poiseuille alikuwa ameandika kwa miligramu na milimita za zebaki. Kuwalinganisha wawili hawa kulihitaji nusu siku ya kubadilisha namba.

Mwaka 1873 kamati ya British Association ilipendekeza mfumo wa sentimita, gramu na sekunde, na kuipa kani jina daini. Mnato ukapata makao ndani ya mfumo huo, bila jina. Maabara zilianza kuelewana. Viwanda havikuelewana, na hapo reli zinaingia.

Mwaka 1883 Beauchamp Tower, aliyeajiriwa na taasisi ya wahandisi mitambo ya Uingereza, alikuwa akichunguza msuguano wa beringi ya ekseli inayozunguka ndani ya oili. Katikati ya beringi alitoboa tundu la kutilia oili. Mashine ilipowashwa, oili ilipanda kupitia tundu hilo na kumwagika nje. Akaliziba kwa koki, ikasukumwa nje. Akaweka kizibo cha mbao. Nacho kikatoka polepole. Akafunga geji ya shinikizo, nayo ikasoma zaidi ya pauni 200 kwa inchi ya mraba, wakati mzigo uliokandamiza beringi ulikuwa wastani wa pauni 100 hivi. Ekseli haikuwa ikigusa beringi kabisa. Ilikuwa ikielea juu ya utando wa oili ambao mzunguko wenyewe uliuvuta na kuubana. Mwaka huo wa 1883, Nikolai Petrov wa St. Petersburg, aliyekuwa akihangaikia mafuta ya madini ya Kaukazi kwa ajili ya reli za Urusi, alionyesha kwamba msuguano wa beringi ni suala la mnato wa oili. Mwaka 1886 Osborne Reynolds wa Manchester akatoa mlinganyo ulioeleza ugunduzi wa Tower. Ndani yake mna kasi, umbo la nafasi, na mnato. Toka siku hiyo, mtu wa reli aliyenunua oili bila kujua mnato wake alikuwa akinunua gizani.

Wafanyabiashara wa mafuta walikuwa wamejitengenezea njia zao za mkato. Karlsruhe, Ujerumani, Carl Engler alitumia kopo lenye tundu: mililita 200 za oili zilichukua muda gani kutoka, ukilinganisha na maji ya nyuzi 20? Jibu ni nyuzi za Engler. London, Boverton Redwood alitumia kopo jingine, mililita 50, na kuhesabu sekunde. Marekani, George Saybolt wa Standard Oil alitumia mililita 60 na tundu la ukubwa wake, nazo zikawa sekunde za Saybolt. Kila kopo lilikuwa na joto lake la kupimia na watu wake wa kulitetea. Oili ileile moja ilikuwa na namba tatu katika bandari tatu. Zaidi ya hapo, oili inayoshuka kwa uzito wake inapimwa mnato na densiti vikiwa vimechanganyika, kwa hiyo sekunde za kopo haziwezi kuingizwa moja kwa moja katika mlinganyo wa Reynolds. Makopo hayo yaliendelea kutawala biashara kwa miongo mingi, na mafuta mazito ya meli yaliuzwa kwa sekunde za Redwood hadi karne ya 20 ilipokuwa imekwenda sana.

Katika mazingira hayo ndipo ukubwa wa pendekezo la 1913 unapoonekana. Poizi haikuwa kopo la mtu. Ilitokana na gramu, sentimita na sekunde, na iliweza kupima damu, hewa ya Maxwell, oili ya Derby na mto wa barafu wa milima ya Alps bila kubadilisha kanuni. Aliyeisambaza zaidi alikuwa Eugene Bingham, mkemia wa Lafayette College huko Pennsylvania. Alipima maji tena na kupata kwamba kwa nyuzi 20.20 mnato wake ni sehemu moja ya mia ya poizi, karibu kabisa. Sentipoizi ikawa kipimo cha maabara, na maji yakawa namba moja.

Usahihi wa namba hizo haukuwa anasa, na Robert Millikan ndiye shahidi. Alipopima chaji ya elektroni kwa matone ya oili yanayoelea hewani, ukubwa wa kila tone aliupata kwa kanuni ya Stokes, ambayo inahitaji mnato wa hewa. Thamani ya mnato aliyoitumia ilikuwa chini kidogo. Chaji aliyoitangaza mwaka 1913 ni sawa na 1.592 × 10⁻¹⁹ kulombu, wakati thamani inayokubalika sasa ni 1.602. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 1923, na kosa likaendelea kukaa kwenye vitabu hadi miaka ya 1930, wapimaji wa miali ya eksirei walipopata jibu tofauti na mnato wa hewa ukapimwa upya. Moja ya namba za msingi za fizikia ilikuwa imepinda kwa sababu ya mnato.

Mwaka 1931 taasisi ya taifa ya vipimo ya Marekani ilianza kupima mnato wa maji upya, kutoka mwanzo, bila kutegemea jedwali la yeyote. Kazi ikakatizwa na vita. J. F. Swindells, J. R. Coe na T. B. Godfrey walichapisha jibu mwaka 1952, miaka 21 baada ya kuanza. Walichofanya Poiseuille angekitambua mara moja. Walitumia mirija ya kapilari na joto lililodhibitiwa, na maji yalisukumwa kwa kiasi kinachojulikana. Tofauti ni kwamba walipima mirija ya kipenyo kimoja na urefu tofauti, ili vurugu zinazotokea mdomoni mwa mrija zijifute zenyewe katika hesabu. Jibu lilikuwa poizi 0.010019 kwa nyuzi 20. Kuanzia Julai 1953 maabara zilianza kutumia sentipoizi 1.002 badala ya 1.005. Miaka 21 kwa ajili ya tofauti ya tatu katika elfu inaweza kuonekana gharama kubwa. Lakini kila kipima mnato duniani husahihishwa kwa maji, kisha kwa oili nyepesi iliyopimwa dhidi ya maji, kisha kwa oili nzito zaidi, ngazi kwa ngazi. Kosa la ngazi ya chini lingepanda hadi juu kabisa.

Jina la poizi halikudumu katika sheria. Mfumo wa kimataifa wa vipimo, SI, ulipoanzishwa mwaka 1960, sentimita na gramu ziliziachia nafasi mita na kilogramu. Mwaka 1971 newtoni kwa mita ya mraba ilipewa jina paskali, na mnato ukaandikwa kwa paskali-sekunde. Wafaransa walijaribu kukiita kipimo hicho kipya poiseuille, jina kamili, lakini mataifa mengine hayakukubali. Paskali-sekunde moja ni poizi kumi, na kwa bahati njema milipaskali-sekunde moja ni sawasawa na sentipoizi moja. Mkemia aliyekuwa na daftari lililojaa sentipoizi alibadilisha alama tu, namba zikabaki zilezile. Ndiyo sababu ripoti nyingi za viwanda vya rangi, dawa na vyakula bado zinaandika cP, na hakuna anayepotea.

Kwenye duka la vipuri, Tanga au Mombasa, kipimo hiki kimejificha nyuma ya maandishi 20W-50 kwenye galoni la oili. Herufi W ni ya majira ya baridi. Ili oili ipewe 20W na kiwango cha SAE, mnato wake katika nyuzi 15 chini ya sifuri, injini inapowashwa, haupaswi kuzidi milipaskali-sekunde 9,500. Fundi wa pwani hataikuta baridi hiyo kazini, ila namba nyingine inamhusu kila siku. Kwa daraja la 50, hata joto likifika nyuzi 150 na oili ikisagwa kwa kasi kubwa, mnato lazima ubaki angalau milipaskali-sekunde 3.7. Ukishuka chini ya hapo, utando ule uliokisukuma nje kizibo cha Tower unakuwa mwembamba mno, na chuma huanza kusugua chuma.